Kuku na ndege wadogo katika inchi ya theluji

Kanada ni inchi kubwa ya Amerika ya Kaskazini. Huko majira ya baridi huanza mwezi wa Desemba na kuendelea hadi mwezi wa Machi. Siku huwa fupi, na usiku huwa mrefu. Miti mingi hupoteza majani. Theluji hufunika mashamba na mapaa ya nyumba. Maji hugeuka barafu kipimo cha joto kikifika sifuri. Lakini katika jimbo la Quebec, siku nyingine kipimo hushuka hata digrii 30 chini ya sifuri. Mtu asiyefunika masikio yake huumia upesi.

Ndege naye hana nguo wala moto. Tena mwili wake hauna budi kukaa na joto jingi: joto la kuku ni karibu digrii 41, kupita joto la mtu. Joto hilo likipotea, ndege hufa. Basi, anaishije?

Wanaohama na wanaobaki

Ndege wengi hukimbia baridi. Hata mbayuwayu wa Ulaya hufanya hivyo: huruka safari ndefu, na wengine hufika Kongo, ambako wadudu hawakosekani. Baridi ikiisha Ulaya, hurudi kwao.

Lakini wengine hawahami. Mmoja wao ni ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, ambaye watu wa Quebec humwita mezanji. Uzito wake ni kama gramu 12 tu. Mezanji watano, wakiwekwa pamoja, wana uzito karibu sawa na yai moja la kuku.

Wakati wa baridi mchana wote wa mezanji ni kazi. Hutafuta mbegu, buibui na mayai ya wadudu katika maganda ya miti. Tangu zamani za vuli ameficha mbegu moja moja, hapa na pale, naye hukumbuka mahali alipoziweka. Haba na haba hujaza kibaba. Jioni mwili wake umepata mafuta kidogo. Mafuta hayo ndiyo kuni zake za usiku.

Jua likishuka, huingia katika tundu la mti. Hufura manyoya yake, akawa kama mpira. Hewa iliyo kati ya manyoya hushika joto, kama vile blanketi linavyofanya. Halafu hutetemeka, maana kutetemeka kunatia mwili joto. Tena huacha joto la mwili wake lishuke kwa digrii 10 hivi, ili mafuta yasiishe upesi. Asubuhi mafuta yale yamekwisha karibu yote. Asipopata chakula siku ile, huenda asiuone mchana mwingine.

Miguu isiyo na manyoya

Miguu ya ndege wengi iko wazi. Mbona haigandi? Damu ya moto inayoshuka mguuni hupita karibu sana na damu baridi inayopanda. Ile ya moto huipa ile baridi joto lake njiani. Hivi joto hurudi mwilini, na mguu hupata joto dogo tu, la kuuzuia usigande. Tena ndege husimama kwa mguu mmoja, na ule mwingine huuficha ndani ya manyoya.

Kuku na undu wake

Kuku asili yake ni msitu wa inchi za joto, katika Asia. Manyoya yake ni mazuri, lakini undu wake, ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa, hauna kifuniko. Katika baridi kali undu mkubwa hugandishwa, hugeuka mweusi, na ncha zake hukatika. Jogoo huumia sana, na kuku jike hupunguza mayai.

Wafugaji wengine hudhani kwamba dawa ni kuziba kila tundu la nyumba ya kuku. Lakini hilo ni kosa. Pumzi ya kuku na mavi yao hutoa unyevu mwingi. Unyevu ukikosa njia ya kutoka, hukaa juu ya undu na kugandisha nyama. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili huacha matundu juu, karibu na paa, lakini huzuia upepo usiwapige kuku. Huweka majani makavu chini. Huwapa mahindi jioni, na maji yasiyoganda mara kwa mara. Huwatengenezea ubao mpana wa kulalia, ili kuku akikaa, tumbo lake lifunike vidole vyote.

Kazi ya Frère Wilfrid

Huko Oka, katika Quebec, palikuwa na monasteri ya Watrapisti. Mtawa mmoja, Frère Wilfrid Châtelain, alichunga kuku wa monasteri. Aliona kwamba kuku wote waliofugwa Kanada walitoka inchi nyingine. Katika mwaka 1908 alianza kuchanganya kuku wa aina mbalimbali. Kila mwaka alichagua wale waliotaga vizuri wakati wa baridi, wenye nyama nyingi na undu mdogo. Kazi hiyo ilidumu miaka kumi. Katika mwaka 1918 aliwaonyesha watu kuku wake wapya, walioitwa Chantecler. Walikuwa weupe, na undu wao ulikuwa mdogo sana, umelala kichwani kama mto mdogo. Baridi haikupata mahali pa kuwauma. Kuku hao wangali wanafugwa hata leo.

Mezanji hujitunza mwenyewe. Kuku wa nyumbani hukaa mikononi mwa mtu; mtu akilala, kuku hufa.

Maulizo

1. Mezanji hufanya nini mchana ili asife usiku?
2. Kwa nini miguu ya ndege haigandi?
3. Kuziba nyumba ya kuku kabisa kuna ubaya gani?
4. Frère Wilfrid alichagua kuku wa namna gani? Kwa nini?
5. Kuku wa kijijini kwenu huumizwa na nini: mvua, jua, au upepo? Eleza namna ya kuwatengenezea nyumba nzuri.