Bahari Inaugua? Jibu kwa Msomaji wa Kitengela

SWALI: Huyu anaandika kwamba bahari yetu inaugua, yule anasema iko salama. Niamini ushahidi upi, nami naishi Kitengela, mbali na pwani?

JIBU: Huko mbali kama unavyodhani. Maji ya Mto Kitengela huishia katika Mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapoingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Udongo wa kwenu Kajiado una njia ya kufika huko. Sasa, chupa moja ya maji iliyochotwa leo haithibitishi mengi, kwa kuwa Sabaki ya masika si Sabaki ya kiangazi. Ndiyo maana naupa uzito utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, na bariamu iliyonaswa humo hufuata wingi wa tope la mto. Kiwango kilitulia hadi mapema karne ya 20, kisha kikapanda.

Utasema tumbawe moja si bahari nzima. Kweli, halisemi lolote kuhusu samaki, wala halitaji tope limetoka shamba la nani. Huo ni ufinyu, si uongo. Ninachoshuku zaidi ni alama moja inayojumlisha afya yote ya bahari, maana wastani mzuri waweza kuficha matumbawe yaliyokufa. Ukikutana na taarifa kama hiyo, uliza kwanza: wamepima nini, wapi, kwa miaka mingapi?