Reale ya Bibi

Swali: Nimerithi kwa bibi yangu reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780. Je, niisugue ing'are?

Jibu: Hasha, ndugu yangu, usiisugue, kwani ule weusi uliotanda juu yake ndio sitara yake, na ukiuondoa kwa majivu na ndimu waondoa pamoja nao nakshi na thamani. Ama tarehe isikughuri: malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huohuo, na reale zilizopigwa baadaye, hata London na Bombay katika karne ya 20, ziliachiwa 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, waliozoea kuhesabu lulu za taji lake kabla ya kupokea, hawakuridhia nyingine. Ipime, yapasa ikaribie gramu 28.