Mlango wa Nakshi wa Zamani: Fundi Anajibu

*Fundi, nimeachiwa nyumba Takaungu. Mlango wake wa nakshi umepakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka. Nianze na msasa?*

Msasa uweke kando. Jua kwanza umri wa mlango wako, maana Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaulinda mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Kuung'oa na kuupeleka kwingine kunataka kibali. Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walihamia Takaungu baada ya kushindwa huko mwaka 1837, kwa hiyo usishangae ukiambiwa mlango wako una umri mkubwa kuliko babu yako. Piga picha, uwaonyeshe watu wa makumbusho Malindi kabla hujagusa kitu.

*Na wakiniruhusu, rangi naitoaje?*

Polepole. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Ukizichoma kwa moto unavuta mvuke wake, na ukizisugua kavu vumbi linaishia kwenye mapafu ya watoto. Paka dawa ya kulainisha rangi, funika kwa nailoni hadi iumuke, kisha ikwangue kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Kwenye mashimo madogo ya nakshi tumia mswaki wa zamani. Vaa glavu, na takataka zote zitie kwenye mfuko, zisibaki uani.

Kostiki usiiguse. Najua mafundi wengi wanaipenda kwa kuwa ni rahisi na ya haraka, lakini huunguza nyuzi za mbao na kuugeuza mvule au msaji kuwa mweusi. Kingo za nakshi nazo hulainika, na kingo hizo ndizo thamani yote ya mlango. Mchongaji alizikata kali. Ukizimaliza, hata ung'arishe vipi, umebaki na ubao tu.

*Kuna madoa meusi kuzunguka misumari. Jiki itayatoa?*

Haitayatoa. Hiyo ni kutu iliyokutana na utomvu wa mbao. Jaribu ndimu, acha kidogo, suuza kwa maji kidogo, kausha. Likibaki doa hafifu, liache. Mimi hupenda mlango unaoonyesha umri wake.

*Mke wangu anataka ung'ae kama milango ya hoteli za Watamu. Tupake vanishi?*

Mpe pole. Wakati wa masika mbao hunywa unyevu zikavimba, kaskazi ikija husinyaa. Vanishi haiwezi kuzifuata. Inapasuka, maji na chumvi vinapenya chini yake, ubao unageuka kijivu, nawe unarudi kukwangua upya. Mafuta hayapasuki, huisha taratibu na unaongeza.

Tafuta mafuta ya mbegu za kitani, yale madukani huitwa linsidi. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapetaini yapate kuingia ndani. Subiri kama nusu saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Hapo ndipo wengi huharibu: hudhani mafuta mengi ni bora, kumbe mlango unabaki kunata, unashika vumbi na kuota kuvu nyeusi. Rudia baada ya siku mbili tatu, bila tapetaini. Mlango unaopigwa na mvua moja kwa moja uwekee kwanza kipaa juu. Mafuta peke yake hayatauokoa. Mabaharia hupaka majahazi sifa, mafuta ya ini la papa, nayo hufanya kazi, lakini hunuka. Usiipake mlangoni, isipokuwa umewachoka wageni.

*Nifanye lini?*

Januari au Februari, kaskazi ikivuma. Aprili na Mei usijaribu.

*Matambara niliyofutia nifue?*

Yatandaze uani moja moja hadi yakauke, au yazamishe kwenye kopo la maji. Linsidi ikikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwakunjwa na kuachwa pembeni linaweza kuwaka lenyewe usiku.