Kukata Tawi Kubwa la Mwembe

Mkulima, ikiwa tawi kubwa la mwembe wako limeinama juu ya njia, usingoje upepo uliangushe. Lakini kumbuka ya kuwa atakayepanda kulikata ni mtu, na uhai wake haununuliwi.

1. Ujira. Patana naye kabla hajapanda: atakata matawi mangapi, nani ataondoa mabaki, na malipo ni kiasi gani. Alipwaye kwa mti huelekea kuharakisha. Alipwaye kwa siku hupata nafasi ya kutazama anapokanyaga. Awepo msaidizi chini, naye alipwe.

2. Usalama. Kazi isifanywe wakati wa mvua wala upepo mkali. Kagueni kamba, ikiwa nyuzi zake zimeoza au zimekatika, isitumike. Mpandaji ajifunge kwenye shina lililo zima, kamwe si kwenye tawi linalokatwa. Watoto na mifugo wakae mbali. Msumeno ushushwe kwa kamba, usitupwe.

3. Kukata. Tawi zito likikatwa kutoka juu tu, hupasuka na kuchuna gome la shina. Basi anzeni upande wa chini, kiasi cha futi 1 kutoka shinani, mpaka theluthi ya unene wake. Kisha kateni kutoka juu, inchi chache mbele ya hapo, mpaka tawi lianguke. Mwisho ondoeni kipande kilichobaki, bila kugusa uvimbe ulio kwenye maungio. Msipake lami wala rangi. Jeraha safi hujifunika lenyewe.

Tawi lisilokatwa leo laweza kukatwa kesho. Aliyeanguka hapandi tena.