USINGOJE DAMU

Kwetu kijijini watu husema kwamba kikohozi ni kikohozi tu mpaka kitoke damu. Baba yangu mdogo aliyasadiki maneno hayo. Alianza kukohoa wakati wa kukausha tumbaku, akasema ni moshi wa bani. Mavuno yakapita, nguo zikampwaya, usiku akawa analoa jasho, naye akasema, "Mbona hakuna damu?" Siku damu ilipotoka ilijaa kikombe. Ndipo akapelekwa hospitali. Katika somo hili nataka kueleza damu ile ilitoka wapi, na kwa nini haifai mtu kuingojea.

Kazi ya mapafu

Sisi wa Tabora twazijua habari za misafara ya zamani. Mpagazi wa Kinyamwezi alishuka pwani na pembe za ndovu, akazitua Bagamoyo, akajitwika nguo na shanga, akarudi bara. Damu nayo ni mpagazi. Hutoka mwilini imebeba hewa chafu, hufika upande wa kulia wa moyo, na moyo huisukuma mpaka mapafuni. Huko huitua hewa chafu, hujitwika oksijeni, kisha hurudi upande wa kushoto wa moyo ili ipelekwe mwili mzima. Mtu aliyetulia hupitisha mapafuni kiasi cha lita 5 za damu kila dakika.

Mahali pa kubadilishia mizigo ni vifuko vya hewa, ambavyo idadi yake ni mamia ya mamilioni. Kila kifuko kimezungukwa na wavu wa mishipa iitwayo kapilari, myembamba hata chembe nyekundu za damu hupita moja moja, kama watu katika njia ya porini. Ukuta ulio kati ya hewa na damu haufikii unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo msukumo wa damu mapafuni ni mdogo, karibu sehemu moja ya sita ya ule wa mwilini.

Jinsi mishipa inavyoharibika

Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alivitangaza huko Berlin tarehe 24 Machi 1882, huingia mapafuni pamoja na hewa. Askari wa mwili huvizingira. Katika vita hivyo nyama ya pafu hufa, hulainika kama maziwa mgando, hukoholewa nje, na mahali pake hubaki shimo. Kapilari zilizokuwa hapo hazipo tena.

Ikiwa mshipa mkubwa kidogo wapita kando ya shimo, ugonjwa huula ukuta wake. Ukuta ukilegea hutuna kama mpira wa baiskeli uliochomoza penye tairi iliyochanika, na mwisho waweza kupasuka. Daktari wa Denmark, Fritz Rasmussen, aliueleza uvimbe huo mwaka 1868, nao waitwa kwa jina lake hadi leo. Lakini mara nyingi zaidi damu hutoka katika mishipa ya kuta za njia za hewa, ambayo hupanuka na kuongezeka karibu na kidonda, nayo ina msukumo mkubwa.

Basi damu, mara nyingi, si mwanzo wa ugonjwa. Ni habari kwamba ugonjwa umekwisha kutoboa. Tena wako wengi wanaougua na kuambukiza wengine bila kutoa damu hata tone.

Njia iliyojaribiwa nchini mwetu

Dawa isiyomalizwa haiponyi. Jambo hili lilishughulikiwa hapa Tanzania na Daktari Karel Styblo wa Chekoslovakia, aliyezaliwa mwaka 1921. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipofungwa na Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, naye akausaidia. Njia yake ilikuwa hii: makohozi yapimwe kwa hadubini, mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, dawa zisikatike, na kila mgonjwa aandikwe daftarini mpaka ijulikane kama amepona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya dunia nzima, na njia hiyo ikawa mfano kwa nchi nyingine.

Siku hizi iko mashine inayopima makohozi kwa muda wa saa mbili hivi. Matibabu ya kawaida ni ya miezi 6, nayo hutolewa bure katika hospitali za serikali, kama hii yetu ya Kitete.

Funzo kwetu

Baba mdogo alimeza dawa miezi 6 bila kukosa, akapona. Lakini hawezi tena kubeba gunia kutoka shambani. Kovu halichukui oksijeni. Na kwa kuwa mishipa mingi imepotea, moyo wake hulazimika kuipitisha damu katika njia chache, kama msafara mzima kuvuka kwenye gogo moja. Angekwenda kupimwa mapema, pengine pafu lake lingesalimika.

Wenzangu wa bweni, sisi twalala vitanda vya juu na chini, na Juni twafunga madirisha kwa ajili ya baridi. Mimi nami muhula uliopita nilikohoa siku 16 nikaficha, nikiogopa kurudishwa nyumbani kabla ya mitihani. Nilipopimwa sikuonekana na ugonjwa. Hata hivyo naona haya, maana ningekuwa nao ningewagawia wote waliolala karibu nami.

Basi kikohozi kikifika wiki mbili, au ukiwa na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe. Fungueni madirisha. Mwenzenu akianza dawa msimtenge, kwani dawa zinazofaa hupunguza upesi uwezo wake wa kuambukiza. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi bwenini tumkumbuke pia jirani yake wa kitandani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne