SOMO LA AFYA: Mlango mdogo ndani ya sindano

Katika somo hili hatutazungumzia ugonjwa mmoja. Tutaangalia kifaa. Swali linalowasumbua wengi kuhusu sindano ndogo ya uzazi wa mpango, ile yenye kifuko cha plastiki, ni hili: ikiwa mwanamke anaweza kujichoma mwenyewe nyumbani, kitu gani kitamzuia mtu mwingine kuiokota, kuijaza tena na kumchoma mwenzake? Swali ni zuri, na jibu lake liko ndani ya kifaa chenyewe. Kuna mlango mdogo mle, unaoitwa valvu.

Anayeendesha baiskeli ameshaiona valvu. Fundi yeyote, awe Base Camp au Kakoba mjini Mbarara, anavyo kwenye kopo lake vile vimpira vyembamba vinavyovalishwa juu ya kichuma chenye kitundu. Ukipiga pampu, hewa hutoka kwenye kitundu, hukisukuma kimpira kando na kuingia kwenye tyubu. Ukiacha kupiga, hewa iliyo ndani hukibana kimpira kwenye kitundu. Kadiri hewa ya ndani inavyosukuma kwa nguvu, ndivyo mlango unavyozidi kufunga. Hakuna anayeufungua wala kuufunga kwa mkono. Kinachosukuma ndicho kinachoamua. Moyo wako pia una milango ya namna hiyo, minne, ili damu isirudi ilikotoka.

Kwenye vifaa vya hospitali mlango huu mara nyingi ni kipande chembamba cha plastiki laini au mpira kilichotandazwa kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana huitwa valvu ya kiwambo. Dawa ikisukumwa kutoka upande mmoja, kiwambo hupinda na kuipisha. Ikivutwa kutoka upande wa pili, hulala juu ya kitundu na kukiziba.

Bomba la kawaida lina hatari gani?

Bomba la sindano la kawaida halina mlango. Ukisukuma, dawa inatoka. Ukivuta, chochote kilicho mbele ya sindano kinaingia: dawa nyingine, maji, hata damu ya mgonjwa. Damu hiyo inaweza kuwa kidogo sana usiione kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi bila kufa. Kuosha bomba kwa maji ya moto na kulifuta kwa kitambaa hakutoshi hata kidogo.

Haya si mambo ya kutishana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2010 peke yake, sindano zisizo salama ziliambukiza watu wapatao milioni 1.7 homa ya ini aina ya B, watu hadi 315,000 homa ya ini aina ya C, na watu hadi 33,800 virusi vya ukimwi. Mwishoni mwa 2014, katika kijiji cha Roka nchini Kambodia, zaidi ya watu 200 waligundulika na virusi vya ukimwi. Mganga asiye na leseni alikuwa akiwachoma sindano zilizokwisha kutumika. Wengi walimpenda, kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa tayari kuchoma wakati wowote. Sisi nasi tunajua jinsi watu wanavyoipenda sindano kuliko vidonge, hata pale vidonge vinapotosha.

Kwa upande wa chanjo, mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba hadi mwisho wa 2003 nchi zote zitumie bomba linalojifunga lenyewe. Hilo halitumii kiwambo. Ndani yake kuna kizuizi: kile kijiti cha kusukumia kikifika mwisho hakirudi nyuma, na katika aina nyingine ukikivuta kwa nguvu kinakatika. Mzazi unayempeleka mtoto kuchanjwa unayo haki ya kuona bomba likitolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho yako.

Kifuko chenye dozi moja

Kifuko tulichoanza nacho kilibuniwa na shirika la PATH la Marekani katika miaka ya 1980, na kinajulikana kwa jina la Uniject. Kifuko, dawa na sindano ni kitu kimoja kutoka kiwandani. Hakuna kuvuta dawa kwenye chupa, hakuna kupima. Indonesia ilikitumia kwa chanjo ya homa ya ini ya watoto wachanga, wakunga wakichanja nyumbani kwa wazazi. Hapa kwetu kimejulikana zaidi kwa Sayana Press, ambayo ni ndugu wa Depo-Provera: dawa miligramu 104 katika mililita 0.65, inayochomwa chini ya ngozi, si kwenye msuli, kila baada ya miezi 3.

Kati ya kifuko na sindano ndipo ulipo ule mlango wa kwenda tu. Ukikiminya kifuko, dawa inapita. Ukikiachia, kifuko hujaribu kufunguka na kuvuta, lakini mlango umeshafunga. Hakivuti damu wala maji, hakijazwi tena.

Ukishaelewa hivyo, maelekezo ya mhudumu hayatakuwa tena amri za kukariri. Kwanza unakitikisa kifuko kwa nguvu sekunde 30, kwa sababu dawa hutuama chini kama unga kwenye uji. Halafu unaelekeza sindano juu na kusukuma kofia yake kuelekea kifuko mpaka ule mwanya ulio katikati uishe. Hapa wengi hukosea kwa kuogopa kubonyeza. Kabla ya kitendo hicho njia ya dawa bado imezibwa. Kofia ikisukumwa ndipo inatobolewa. Asiyebonyeza hadi mwisho ataminya kifuko bure, dawa isitoke.

Unabana ngozi ya tumbo, mbali na kitovu, au ya mbele ya paja, unaingiza sindano yote, kifuko kikiwa juu na sindano ikielekea chini. Kile kipovu cha hewa unachokiona hakina madhara na hakitolewi. Hewa hupanda juu, dawa hukaa chini karibu na mlango, nayo ndiyo inayotangulia kutoka. Ukikishika kinyume, hewa ndiyo itatangulia na dozi itapungua. Minya polepole, sekunde 5 hadi 7. Tone dogo likibaki kifukoni ni kawaida. Usipasugue mahali ulipochoma.

Je, mtu wa kawaida anaweza? Utafiti uliofanywa wilaya ya Mpigi, hapa Uganda, ulifundisha wanawake kujichoma, kisha ukawaangalia tena baada ya miezi 3. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliweza kufanya vizuri bila kusaidiwa. Baada ya hapo Uganda iliruhusu wanawake kujichoma wenyewe. Kwa wenzetu waliotoka Kongo, wanafunzi wa udaktari na uuguzi wa Kinshasa waliitoa dawa hii kwa akina mama tangu 2015.

Mlango huo una mipaka yake. Unazuia kifuko kujazwa, lakini hauondoi damu iliyobaki kwenye ncha ya sindano. Mtoto akiichezea bado anaweza kujichoma. Usiirudishie kofia, itie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, uirudishe kituo cha afya. Dawa yenyewe haizuii virusi vya ukimwi, inaweza kubadilisha siku za hedhi, na ukiiacha mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa. Mambo haya yazungumze na mhudumu kabla ya kuanza.

Na gurudumu la dripu?

Tukiwa bado kwenye milango, tuseme neno juu ya dripu, ambayo wengine huita serumu. Pale mlango si wa kujifunga. Ni kigurudumu kinachobana mrija, nacho humtii yeyote anayekigusa. Wodini ndugu wa mgonjwa hukilegeza ili chupa iishe upesi warudi nyumbani. Nesi alikuwa amehesabu. Mrija ambao matone yake 20 ni mililita 1, chupa ya mililita 500 ikitakiwa kuisha kwa saa 4, hutakiwa kudondosha matone kama 42 kwa dakika.

Kwa mtoto jambo hili ni zito. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Katika waliopewa maji mengi kwa haraka, karibu 11 kati ya kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Katika wale ambao hawakupewa maji ya haraka, walikuwa karibu 7. Watoto wa kuharisha hawakuwamo humo. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka huhitaji maji mengi na upesi. Kwa hiyo huwezi kujua kwa kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili anapewa vipi.

Ukiona matone yamesimama, au mkono unavimba mahali pa sindano, au mtoto ameanza kuhema kwa shida, usikiguse kigurudumu. Mwite nesi hapo hapo, hata kama ni usiku.