Kabla Hujaandika "Dawa Inafaa"

Cheti kinachosema dawa inafaa, kumbe haifai, ni kibaya kuliko kukosa cheti kabisa. Kwa hiyo yafuatayo si mapendekezo.

Chukua kinyesi kabla mgonjwa hajameza antibiotiki. Kama hakitafika maabara ndani ya saa mbili, kiwekwe kwenye kiowevu cha kusafirishia sampuli, Cary-Blair. Ukishuku homa ya matumbo, dai na damu ya kuotesha. Usitegemee Widal kuchagua dawa; hiyo hupima kingamwili tu.

Usipange vidiski vya dawa juu ya kinyesi chenyewe. Tenga koloni, itambue, ndipo uipime. Na usipime kila E. coli unayoikuta: nyingi ni wakazi halali wa utumbo.

Linganisha ukungu wa mchanganyiko wa bakteria na kiwango cha McFarland 0.5, usikisie kwa mazoea. Ukiwa mzito, maduara yasiyo na bakteria kuzunguka vidiski husinyaa na dawa nzuri huonekana imeshindwa. Ukiwa mwepesi, dawa mbovu hupita. Agari ya Mueller-Hinton iwe na kina cha milimita 4. Iliyo nyembamba hudanganya vilevile.

Usifungue kichupa cha vidiski kingali na baridi ya friji, maana kitaingia unyevu. Kidiski kikishagusa agari, usikisogeze.

Otesha visahani kwa nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Usisome mapema kwa sababu daktari kapiga simu.

Otesha E. coli ATCC 25922 kama kipimo cha kujikagua. Maduara yake yakitoka nje ya mipaka, majibu ya siku hiyo hayatoki, hata ya mgonjwa wa mkubwa wako.

Sasa panapoua watu. Salmonella na Shigella zinaweza kutoa duara pana, la kupendeza, kuzunguka gentamicin. Usiandike kwamba inafaa. Dawa za kundi hilo, pamoja na cephalosporin za kizazi cha kwanza na cha pili, hufanya kazi kwenye kisahani na kushindwa mwilini. Salmonella hujificha ndani ya seli, gentamicin isikofika vizuri. Ciprofloxacin nayo ina mtego wake. Umepima kwa rula, umepata milimita 28. Kwa mipaka ya shirika la viwango la CLSI, E. coli mwenye duara hilo anauawa na dawa, kwani mpaka wake ni 26. Kwa Salmonella mpaka ni 31, kwa hiyo 28 ile ile haitoshi. Soma jedwali la mdudu uliyenaye, si la mdudu uliyemzoea.

Usimcheleweshee mgonjwa wa kipindupindu ORS au dripu eti majibu hayajatoka. Maji ndiyo yanayomwokoa. Antibiotiki hufupisha tu kuhara.

Visahani vilivyotumika viingie otoklevu, nyuzi 121, kabla ya kutupwa. Na sinki la maabara si la kuoshea vikombe vya chai.